Suti Ilitua Salama

Kuna nchi ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado naishi humo. Ni nchi nzuri. Watu wake wanasalimiana hata wakiwa na haraka, na ukianguka njiani utainuliwa na watu watatu kabla hujajua kama umeumia. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nitakayoeleza yanaweza kumfanya msomaji adhani ni nchi mbaya.

Ni nchi yenye heshima tu. Heshima ndiyo iliyomuua mjukuu wangu Sifaeli, rubani, na siku ninayoanzia habari hii alikuwa amelala siku ya tatu katika chumba cha baridi cha ushirika wa maziwa, nami nilikuwa natafuta kibali cha kumzika.

Lakini nianze na ndege, la sivyo hamtanielewa.

Barabara ya kuja kwetu Mlela ilijengwa mara nne kwenye karatasi. Mara ya nne wakubwa walikuja kuizindua, magari yakakwama, wakavutwa kwa ng'ombe. Waliona kwa macho yao jinsi wananchi wanavyoteseka. Wakahuzunika sana, wakanunua ndege. Kila mkubwa ya kwake, ndogo, viti vinne, rangi anayoipenda mkewe. Sisi tukalima kiwanja kwa majembe ya mkono, tukashukuru kwamba maendeleo yameamua kutupitia juu.

Kiwanja chetu ni cha udongo mwekundu, urefu wa hatua mia nane. Kikikauka ni kigumu kama sakafu ya kanisa. Kikilowa, mbuzi wanakivuka kwa kuketi.

Sasa, mkubwa hawezi kushuka kwenye vumbi. Vumbi juu ya kiatu cha mkubwa ni aibu ya wilaya nzima, na mkuu wa wilaya mmoja alishahamishiwa visiwani kwa sababu ya soksi. Kwa hiyo saa moja kabla ya ndege kufika, huja boza la maji kutoka mjini kumwagia kiwanja. Mwongozo wa mapokezi unasema: mkurugenzi, nusu boza, mbunge, boza zima, waziri, boza zima safari mbili. Rais alipotaka kuja, yaliandaliwa maboza saba. Akaahirisha, na mimi nilisema sala ya shukrani kwa ajili ya rubani wake, ingawa simjui.

Kisima chetu cha Mlela kilikauka mwaka ule wa nzige. Tunatembea saa mbili kwenda kuchota. Siku za boza tulikuwa tunasimama pembeni na ndoo zetu tupu, tukitazama maji yakimwagwa. Yalikuwa maji ya heshima, hayakuwa ya kunywa.

Ila dereva wa boza, Mbonea, kila alipomaliza alikuwa akisimamisha gari mbele ya nyumba yangu na kunijazia dumu la lita tano kwenye bomba la nyuma.

"Linavuja lenyewe, bibi," alikuwa akisema, akitazama pembeni. "Mimi sijui lolote."

*

Ndege zikaanza kuteleza. Ya kwanza iliingia ghala la mbolea. Ya pili ililala ubavu kwenye shamba la mkonge. Nyingine iligeuka tumbo juu, na mkurugenzi akatoka kwa mikono kama mtoto anayejifunza kutambaa, akamkuta Ofisa Mapokezi amesimama na shada la maua, akavishwa hapo hapo chini. Alipunga mkono. Mguu wake mmoja haukutoka naye.

Kumi na saba nilizihesabu mimi. Lakini msije mkasema nchi yetu ina ajali za ndege. Haina. Katika vitabu yaliandikwa "matukio ya kutua kwa kuendelea," maana ndege ilitua, kisha ikaendelea. Mwishoni mwa kiwanja kuna korongo, na huko ndiko zilikoendelea nyingi. Baada ya muda Ofisa Mapokezi akahamishia zulia jekundu huko korongoni, ili wageni wapokelewe mahali wanapofikia.

Iliundwa tume. Ilikaa miezi saba, ikahoji mashahidi, ikagundua kwamba katika kila tukio ndege ilipojigonga lilionekana wingu la vumbi. Ikapendekeza maji yaongezwe.

Sifaeli aliwaandikia barua. Ilikuwa barua fupi, aliniandalia hata nakala kwa maandishi makubwa kwa sababu ya macho yangu. Alisema ndege ndogo kwenye udongo mkavu inasimama kwa hatua mia nne, na kwenye tope haisimami, inaamua yenyewe. Aliomba kiwanja kiachwe kikavu. Wakamjibu baada ya mwaka: "Maji ni heshima, na heshima haina hatua mia nne."

"Mke wangu," aliniambia siku hiyo, maana ndivyo alivyoniita tangu alipojua kusema, nami nikamwita mume wangu, "hawa watu wameisoma. Mtu ambaye hajasoma barua hawezi kujibu vibaya hivi."

Nilimlea tangu ana miaka miwili, mama yake alipofariki. Kila alipopita juu ya nyumba kabla ya kutua alikuwa anainamisha bawa moja, nami nilikuwa naongeza kuni kwenye makande.

*

Jumatano ile aliinamisha bawa.

Hakuwa amebeba mkubwa. Alikuwa amebeba suti ya Mheshimiwa Waziri wa Anga na Heshima. Waziri mwenyewe angekuja Ijumaa kuzindua bango la mradi wa kisima, na suti yake ilitangulia ili isikunjike kwa kuvaliwa safarini. Ilifungwa mkanda kwenye kiti cha mbele.

Mwongozo haukuwa umetaja suti. Ofisa Mapokezi wetu, Bwana Kidamba, alikesha na swali hilo. Ni mtu mwangalifu. Aliona akimwaga kidogo atakuwa ameidharau suti ya waziri, na mtu aliyedharau suti ya waziri yuko karibu sana na kumdharau waziri. Akaagiza boza zima, safari mbili.

Nilisikia injini, kisha nikasikia haipungui, kisha sikusikia kitu.

Watu walikimbia korongoni, na Bwana Kidamba alikuwa wa kwanza kwa sababu alikuwa amesimama huko huko kwenye zulia. Walivunja kioo. Wakaitoa suti. Ilikuwa nzima, ilikosa kifungo kimoja tu cha mkono. Wakaivisha shada, bendi ikapiga, ikapandishwa gari na kupelekwa nyumba ya wageni. Ndipo akina mama wa ushirika wa maziwa, ambao hawakuwa na kazi yoyote katika mapokezi hayo, wakaingia ndani ya ndege na kumtoa Sifaeli. Mama Nakiete, mwenyekiti wao, alivua kitenge chake akamfunika, akabaki na gauni la ndani mbele ya bendi nzima, na hakujali.

Zahanati haina chumba cha baridi. Ushirika unacho.

*

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa Bwana Kidamba. Aliponiona alisimama, akafuta kiti kwa leso yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Pole sana. Kijana wetu yule. Nimelia mpaka mke wangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi."

"Asante, baba. Nimekuja kuchukua kibali cha kuzika."

Akakaa. Akafungua daftari kubwa, akaligeuza upande wangu ili nisome, akaweka kidole.

"Kibali cha kuzika rubani hutolewa kwa cheti cha kutua. Ukitazama hapa, Jumatano, saa tano na robo: suti, imepokelewa, imetua salama. Sahihi yangu. Rubani, hapa, hamna kitu."

"Hamna kitu maana yake nini?"

"Maana yake hajatua."

"Baba Kidamba, nimemfumba macho kwa mkono wangu huu."

"Sikatai, bibi. Nakueleza kitabu kinavyosema. Kwa kitabu, yuko angani."

Nje kulikuwa na jogoo anawika bila sababu.

"Atakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka apokelewe."

"Basi mpokee."

Alishtuka. Akafikiri kwa muda mrefu, nami nikamwachia, kwa sababu niliona anafikiri kwa nia njema.

"Rubani hajawahi kupokelewa, bibi," alisema hatimaye, taratibu. "Huwa wanatua kupitia abiria. Mkubwa akipokelewa, na rubani anahesabika. Sasa suti sijui kama inaweza kumchukua mtu. Nikiandika kwamba rubani ametua kupitia suti, mkaguzi atacheka, halafu ataacha kucheka."

Lakini kesho yake alikuja kwenye ushirika. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuja na shada la maua alilolinunua mwenyewe, na kwaya ya akina mama, na karatasi ya hotuba. Tukaingia wote kwenye chumba cha baridi, katikati ya makopo ya maziwa, na kwaya ikaimba wimbo wa kukaribisha wageni kwa sauti ndogo, pumzi zao zikitoka moshi. Bwana Kidamba akasimama mbele ya Sifaeli, akasoma kama anavyowasomea wakubwa: "Mgeni wetu, wananchi wa Mlela wana furaha kubwa kukuona umefika." Hapo alikwama. Akaanza tena, akakwama tena palepale. Mama Nakiete akamshika kiwiko mpaka akamaliza.

Akamwekea shada kifuani, akajaza cheti, akanipa kwa mikono miwili. Kilisema: SIFAELI MBWAMBO, RUBANI, AMETUA SALAMA.

"Baba," nilisema, "hili neno la mwisho."

"Limechapwa tayari, bibi. Serikali ilichapa aina hiyo moja tu. Nakala elfu ishirini."

Nikakipeleka kwa msajili wa vifo, mlango wa pili kutoka ofisi ya Bwana Kidamba. Ni binti mpole, macho yake yamechoka. Alikisoma mara mbili.

"Bibi, hapa panasema salama."

"Ndiyo, mama."

"Siwezi kutoa kibali cha kumzika mtu aliye salama. Ni kosa la jinai. Nitakuwa nimekusaidia kumzika mtu hai."

Kisha akanisogezea kikombe chake cha chai, kilikuwa bado hakijaguswa, akasema ninywe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa kitabu kimoja mjukuu wangu alikuwa angani, nikamshusha; kwa kitabu cha pili alikuwa mzima. Nilirudi ushirika nikiwa na aibu, kwa sababu siku ya nne sasa maziwa ya watu hayakuwa na mahali pa kukaa. Nilikuta wameyamwaga kwenye vibuyu na ndoo za nyumbani, safu nzima ukutani.

"Mama Nakiete, nawatia hasara."

"Nani kakwambia? Tunagandisha. Watu wote wa Mlela watakunywa mtindi mpaka wakome. Mwache mtoto alale."

*

Tuliokolewa na kifungo.

Waziri, ambaye alikuwa ameahirisha uzinduzi kwa sababu ya msiba wa suti yake, aliuliza kilipo kifungo cha mkono. Akaambiwa kilipatikana mkononi mwa rubani. Sijui kilifikaje. Nadhani mtu anayeteleza kuelekea korongoni hushika chochote kilicho karibu. Lakini waziri alielewa vingine. Alielewa kwamba kijana yule alikufa akiitetea suti. Akaguswa, akatangaza redioni kwamba atakuja mwenyewe kumzika shujaa, Jumamosi inayofuata, saa nne.

Waziri hawezi kuja kumzika mtu aliye salama. Kibali kilitoka kwa dakika tisa, na dakika moja kati ya hizo walikuwa wanatafuta wino.

Nilikishika kibali kile nikakaa chini. Halafu nikakumbuka waziri atakuja na nini. Atakuja na ndege, na ndege yake inarushwa na Elirehema, kijana aliyesoma urubani pamoja na Sifaeli, ambaye amekula makande kwenye chungu changu na kulalamika kwamba nimebana chumvi. Boza zima, safari mbili.

Jumamosi asubuhi nilichukua kikombe cha uji nikampelekea Mbonea pale anapoegesha. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya boza, amevaa shati jeusi.

"Bibi, usiniangalie hivyo."

"Nimekuletea uji, baba. Sikukuletea macho."

Akanywa. Akasema, bila kuinua uso, "Jumatano ile nilimwaga mimi. Nilimwaga vizuri, sikuacha hata kiraka."

"Najua."

"Nina watoto wanne. Nikikaidi nafungwa."

"Najua, baba. Sikukuomba kitu. Nimesema tu uji."

Nilisema kweli, sikumwomba. Nilitaka kumzika mjukuu wangu siku ile, na nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba huenda tukazika wawili. Nikachukua kikombe changu nikaondoka.

Akina mama walikuwa wanapita na ndoo, kwa sababu msiba una wapishi na wapishi wanataka maji, na mto uko saa mbili. Mbonea akawaita. Akashuka kwenye ngazi, akazunguka nyuma ya boza.

"Leo bomba linavuja sana," alisema. "Sijui nifanyeje."

Akalifungua mpaka mwisho.

Mlela yote ilikuja. Walileta ndoo, masufuria, vibuyu vilivyokuwa na mtindi jana yake, mzee mmoja alileta kofia. Hakuna aliyesukumana. Safari ya pili nayo ikavuja. Wakati injini inasikika upande wa mashariki, kiwanja kilikuwa kikavu kama siku tulipokilima.

Elirehema aliinamisha bawa juu ya nyumba yangu, kisha akashuka. Magurudumu yaligusa, vumbi likapanda jekundu, likaifunika ndege yote, tukasubiri ule mlio. Haukuja. Vumbi lilipotulia, ndege ilikuwa imesimama katikati ya kiwanja kana kwamba imeegeshwa.

Tulikuwa hatujawahi kuona ndege ya mkubwa ikisimama hivyo.

Bwana Kidamba, bendi, shada na zulia walikuwa korongoni, hatua mia nne kutoka pale. Waziri alifungua mlango, akashuka peke yake, hakuna wa kumpokea, amevaa suti ile ile iliyoshonewa kifungo, akazama kwenye vumbi mpaka kwenye kamba za viatu. Alitazama kushoto. Alitazama kulia. Bendi ilikuwa inakuja mbio, ngoma kubwa ikijipiga yenyewe.

Polisi wawili walikuwa wameshamshika Mbonea kabla waziri hajapangusa kiatu cha pili.

*

Kaburini waziri alihutubia dakika hamsini. Alisema nchi yetu ina anga salama kuliko zote, kwamba marehemu hakupata ajali bali aliwahi, na kwamba vijana waige mfano wake wa kulinda vazi la taifa. Kila alipoinua mkono, vumbi lilimdondoka begani. Elirehema alisimama karibu nami, akanishikia mwavuli muda wote, mkono wake haukuchoka.

Tulipomaliza kufukia, mzee wa ukoo akaleta kopo la maji kunyunyizia udongo ukae, kama ilivyo desturi yetu.

"Hapana," nilisema.

"Ni desturi, mama."

"Najua. Huyu mwacheni pakavu."

Akanitazama, akaelewa. Akampa maji yale mpishi.

Baada ya wiki mbili nilimtembelea Mbonea mahabusu na dumu la lita tano. Askari wa zamu ni mtu mwema, alilipokea bila kulifungua, akasema, "Sijui lolote, bibi." Mbonea alinionyesha hati ya mashtaka. Ilikuwa imeambatanishwa na Fomu ya Ajali ya Kutua, namba moja. Ndiyo ajali ya kwanza ya ndege katika historia ya nchi yetu, na Bwana Kidamba aliijaza kwa mwandiko mzuri, ingawa mistari inacheza kidogo. Rubani: mzima. Abiria: mzima. Ndege: nzima. Walioathirika: viatu, jozi moja. Chanzo cha ajali: ukavu.

Mbonea alipewa miaka mitatu. Watoto wake wanne wanakula kwa zamu katika nyumba za Mlela. Jumatatu na Alhamisi ni zamu yangu.

Alhamisi hii waziri anarudi kuzindua bango la kisima. Nimesikia wilaya imeleta boza jipya, kubwa zaidi, lenye dereva mgeni na bomba lisilovuja. Elirehema amenitumia salamu kwamba ndiye anayerusha, na kwamba atainamisha bawa.

Nimeloweka mahindi ya makande. Nimeweka na ya kwake.